Barua ya wazi: Mgonjwa wa presha naye atafutwe asipofika kliniki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mheshimiwa Waziri wa Fedha, na Waheshimiwa Wabunge.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu ya kitaifa. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Morogoro, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nawaandikia kwa jambo moja. Nchi hii inajua kumtunza mtu mwenye ugonjwa wa maisha. Tulijifunza kwa VVU, tukajifunza vizuri, na leo tunaweza kujivunia. Naomba ujuzi huo usiishie kwenye mlango wa CTC. Mgonjwa wa presha, wa kisukari, wa siko seli na wa moyo anakaa benchi lile lile, anahudumiwa na watumishi wale wale, lakini anaondoka mikono mitupu.

Niwaeleze benchi hilo lilivyo. Siku ya kliniki mteja wa CTC anafika na kadi yake yenye namba. Faili lake linatolewa, anapimwa uzito, anaulizwa kama kuna siku aliruka dawa na kwa nini. Kama hali yake ni nzuri anapewa dawa za miezi 3, au hata 6, anaambiwa tarehe ya kurudi. Asipofika, jina lake linaingia kwenye orodha ya watoro. Anapigiwa simu. Simu isipopatikana, mhudumu wa jamii anaulizia mpaka nyumbani kwake, taratibu, bila kumwaibisha kwa majirani. Dawa ni bure tangu 2004. Mtu huyu anajulikana, ana kituo chake, na akipotea kuna anayewajibika kumtafuta.

Mita chache kutoka hapo, kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, yupo mama wa makamo hayo hayo. Kaja kwa sababu kichwa kinamuuma kisogoni. Anapimwa presha, mashine inaonyesha 190 kwa 110, juu sana. Anaandikiwa dawa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, anaambiwa akanunue dukani kwa sababu dirishani zimekwisha, na anaambiwa apunguze chumvi na mawazo. Ananunua vidonge vya wiki mbili kwa sababu ndiyo hela aliyonayo. Kichwa kinapoa, anaamini amepona. Hakuna kadi wala orodha ya watoro yenye jina lake, na hakuna atakayempigia simu. Tutakayemwona tena ni mwanawe, siku atakapokuja mbio kukodi bodaboda au kuomba gari kwa sababu mama ameanguka chooni na mkono mmoja hauinuki.

Wapo pia wenye yote mawili, na hao ndio wanaoniuma zaidi. Tulikuwa na mama mmoja kwenye dawa za VVU kwa miaka mingi, virusi vimefubaa kabisa, afya njema, analima mpunga. Presha yake ilikuwa juu kila tulipompima. ARV alizipata kwetu bure. Za presha alizinunua, na alikuwa akizifunga kwenye pindo la khanga, anameza kimoja kila baada ya siku mbili ili zifike mwisho wa mwezi. Aliniuliza kwa nini ugonjwa mmoja wa mwili wake serikali inautibu na mwingine inamwachia mwenyewe. Alipooza upande wa kulia kabla sijapata jibu la kumpa, na sasa naliuliza swali lake kwenu, kwa sababu jibu liko kwenye meza zenu.

Sehemu ya jibu naifahamu, maana nimekaa sana na fomu za kuagiza dawa. ARV, dawa za kifua kikuu, dawa za malaria na chanjo ni dawa za miradi misonge, yaani miradi ya ugonjwa mmoja mmoja yenye fedha zake. Zinakuja kituoni kutoka Bohari ya Dawa bila kugusa akaunti ya kituo. Dawa za presha na kisukari haziko huko. Zinanunuliwa kwa fedha za kituo chenyewe: Mfuko wa Pamoja (fedha za afya za wafadhili zinazowekwa chungu kimoja), marejesho ya bima, na kile kidogo kinacholipwa papo kwa papo. Kwenye fungu hilo hilo zimo glovu, pamba, dawa za maumivu, dawa za minyoo, sabuni, na mara nyingi ujira wa mlinzi. Mganga mfawidhi anapokaa kujaza fomu anajua kwamba glovu zikikosekana mama hawezi kuzalishwa usiku huo. Amlodipini, dawa ya presha, ikikosekana hakuna atakayeanguka leo. Kwa hiyo anaagiza glovu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Na kuna jambo linaloumiza zaidi kuhusu wazee. Sera yetu inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Ni sera ya utu na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini fedha ya kufidia msamaha huo haifuati kituoni. Mzee akipewa dawa za presha bure, boksi limekwisha na hakuna kilichoingia cha kununulia jingine. Kituo chenye wazee wengi wenye msamaha ndicho kinachomaliza dawa haraka, na dawa zikiisha msamaha unabaki kwenye karatasi. Nimeona wazee wakija na barua ya kijiji yenye mhuri, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, wanaipokea tena mkononi kama walivyoileta. Mzee wa namna hiyo akianguka kwa kiharusi, gharama yake kwa hospitali ya mkoa na kwa familia ni kubwa kuliko vidonge vyake vya miaka mingi.

Waheshimiwa, haya si magonjwa ya matajiri. Najua wengi bado wanaamini hivyo, hata ndani ya kada yetu. Zamani kidogo ilikuwa na ukweli wake. Katika utafiti uliochapishwa 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima vijiji 6 vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara wakakuta kisukari hakifiki hata asilimia 1 ya watu wazima. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa viashiria vya hatari, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari ni asilimia 9, na presha ya juu ni asilimia 26. Makundi yaliyopimwa hayafanani moja kwa moja, lakini kila aliyefanya kazi kituoni katika miaka hiyo ameyaona mabadiliko kwa macho yake. Mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha. Ukitembea kutoka stendi ya Msamvu mpaka sokoni umepishana nao mamia, na wengi wao hawajui.

Kiharusi nacho kina historia hapa kwetu. Wilaya ya Hai na Dar es Salaam zilifuatiliwa kuanzia 2003 hadi 2006, nyumba kwa nyumba, na matokeo yakaonyesha Dar ilikuwa na zaidi ya watu 300 wanaopata kiharusi kwa kila 100,000 kwa mwaka ukilinganisha umri kwa umri, karibu mara tatu ya Hai, na miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Miaka michache kabla, katika maeneo ya Ilala na Hai, watafiti walikuta kwamba kati ya wenye presha ni kama mmoja tu kwa watano aliyekuwa anajua anayo, na ambao presha yao imedhibitiwa hawakufika mmoja kwa mia. Tulikuwa tumeambiwa, kwa takwimu zetu wenyewe, mapema kabisa.

Linganisheni na upande wa pili wa ukuta. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta kwamba katika watu wazima walio kwenye ARV, asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Hawa ni watu wa kijijini na mjini, waliosoma na wasiosoma, wakulima, wachimbaji, mama ntilie. Kwa hiyo mtu asinishawishi kwamba Mtanzania wa kawaida hawezi kumeza dawa kila siku kwa maisha yake yote. Ameweza. Aliwekewa mfumo unaomshika mkono, naye akashikika.

Jambo la kutibu magonjwa haya pamoja halihitaji kubuniwa upya. Tanzania na Uganda zimeshirikiana kulijaribu kwenye vituo 32, matokeo yakachapishwa 2023. Katika baadhi ya vituo hivyo wagonjwa wa VVU, presha na kisukari walihudumiwa kliniki moja, benchi moja, faili la aina moja na mhudumu yule yule. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba huduma ya VVU ingeporomoka. Haikuporomoka, zaidi ya asilimia 95 ya wenye VVU waliendelea kuwa na virusi vilivyofubazwa, sawa na wale wa kliniki za kawaida. Na sisi tuliofanya kazi CTC tunalijua jingine: mteja wa VVU akikaa benchi moja na mgonjwa wa presha, hakuna anayejua nani amekuja kwa lipi. Kuna kina mama waliokuwa wakisafiri mpaka wilaya nyingine kuchukua dawa ili wasionekane na majirani. Kliniki ya pamoja ingewarudisha nyumbani.

Rwanda nao walianza katikati ya miaka ya 2000 kwenye hospitali za wilaya za mashariki, Rwinkwavu na Kirehe, kuwafundisha wauguzi kutibu kisukari cha insulini, moyo kushindwa kufanya kazi na presha kali, magonjwa tuliyozoea kuyasukuma kwa daktari bingwa. Muuguzi akaweza. Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, mwezi Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, wakapitisha mkakati wa kusogeza huduma za magonjwa haya makali mpaka hospitali za wilaya. Tanzania ilikuwemo kwenye ukanda huo. Kwa sauti ya muuguzi nasema: tufundisheni, tupeni mwongozo wa ukurasa mmoja ukutani na dawa dirishani, kazi itafanyika.

Naomba nikae kidogo kwenye kisukari cha watoto, kwa sababu hawa hawana hata sauti ya kulalamika. Mtoto wa miaka 9 anaanza kunywa maji mengi, anakojoa kitandani wakati alishaacha, anakonda. Bibi yake anagundua sisimizi wanajaa pale alipokojoa. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, anapewa dawa ya malaria au ya mkojo. Siku tatu baadaye anapumua kwa kasi, mdomo unanukia kama tunda lililoiva sana, hasemi. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu na sekunde chache, ila mashine ipo na stripu, vile vijiti vya kupimia, zimekwisha, au stripu zipo ni za mashine nyingine. Mtoto anazikwa na jina la malaria. Hakuna anayejua ni wangapi, kwa sababu aliyekufa bila kupimwa hahesabiwi.

Anayenusurika anahitaji insulini kila siku ya maisha yake. Dawa hii ilianza kuokoa watoto huko Toronto Januari 1922, na wagunduzi wake waliuza hataza, yaani haki ya ugunduzi, kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja ili asikose mtu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, 1977. Karne moja baadaye nimemfahamu mama wa Kilosa anayehifadhi chupa ya mwanawe kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga anaoulowanisha asubuhi na jioni, kwa sababu kijiji hakina umeme wa uhakika. Alifundishwa na muuguzi na anafanya kwa uangalifu kuliko wengi wenye friji. Kinachomshinda ni nauli ya kwenda mjini kufuata insulini, na bei ya stripu. Bila stripu anachoma sindano kwa kukisia. Waheshimiwa, mama huyu amefanya sehemu yake yote. Iliyobaki ni yenu.

Siko seli ni hivyo hivyo. Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka nchini mwetu, na tumo miongoni mwa nchi chache zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Haidroksiyurea inapunguza maumivu na kulazwa, lakini kwa mtoto wa kijijini bado ni dawa ya hospitali ya mbali. Na wale watoto wa moyo wanaofika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na valvu zilizoharibika: kwa wengi ugonjwa ulianza na maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Baada ya hapo kinachomlinda ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Sindano hiyo ni rahisi na ya zamani. Kuikumbuka kila mwezi ndiyo kazi, na kazi ya kukumbuka ndiyo CTC iliyotufundisha.

Sasa nije kwenye hesabu, maana bila hesabu tutaendelea kusifiana. Katika vituo ninavyovijua, taarifa tunazotuma kila mwezi za MTUHA, mfumo wa takwimu za vituo vya afya, zinasema wangapi walihudhuria na wangapi wamegundulika na presha au kisukari. Hazisemi wale waliogundulika mwaka jana wako wapi. Mtu mmoja akija mara nne anaonekana kama kazi nne. Mtu aliyeacha dawa haonekani kabisa, na aliyekufa kwa kiharusi nyumbani haonekani popote. Kwa VVU tunauliza maswali matatu: wangapi wanajua, wangapi wako kwenye dawa, wangapi virusi vimefubaa. Naomba maswali hayo hayo yaulizwe kwa presha na kisukari, kituo kwa kituo, na mkurugenzi wa halmashauri aulizwe kwenye kikao anavyoulizwa kuhusu vifo vya wajawazito. Niliona lilivyobadilika jambo la vifo vya wajawazito pale kila kifo kilipoanza kujadiliwa mezani kwa jina la kituo. Watu walianza kupiga simu za gari la wagonjwa usiku wa manane.

Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 watu milioni 150 zaidi duniani wawe presha yao imedhibitiwa. Nauliza sehemu ya Tanzania katika hao ni watu wangapi, na kila halmashauri imepangiwa wangapi. Mwaka 2019 ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa kudhibiti magonjwa haya, na kila Novemba tunakuwa na wiki ya kuhamasisha, watu wanapimwa viwanjani, mabango yanapigwa picha. Mimi mwenyewe nimepima mamia ya watu kwenye mahema hayo. Unamwambia mtu presha yako iko juu, nenda kituo kilicho karibu nawe, na unajua moyoni kwamba kituo hicho hakina dawa. Kumpima mtu na kumwachia wasiwasi bila tiba si haki.

Kuhusu fedha. Najua mtasema hazitoshi, na najua ni kweli kwamba misaada ya afya inayokuja nchi kama zetu, ni kama asilimia 2 tu inayokwenda kwenye magonjwa haya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wenzangu waliokuwa wakilipwa na miradi ya CTC walirudishwa nyumbani kwa muda mfupi sana. Wapo watakaosema basi huu si wakati wa kuongeza wagonjwa kwenye CTC. Mimi naona kinyume chake. Kliniki inayotegemea mfadhili mmoja kwa ugonjwa mmoja inayumba mfadhili akiondoka. Kliniki ya magonjwa yote ya maisha, inayohudumia bibi wa diwani, mwalimu mkuu, shehe na mchungaji kwa pamoja, itakuwa na watetezi wengi na itaingia kwenye bajeti yetu wenyewe. Kama tunalazimika kulipa mishahara ya wahudumu hawa kutoka hazina, wahudumie wote.

Dawa zenyewe si za bei ya kutisha. Amlodipini na haidroklorothiazaidi za presha, metformini ya kisukari: hataza zake ziliisha zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na Bohari ya Dawa ikinunua kwa pamoja kwa nchi nzima bei inashuka. Ghali ni kutokuzitoa. Mgonjwa ambaye figo zimekufa kwa presha au sukari anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mzunguko una gharama kubwa. Nimeona familia ikiuza shamba la miti, kisha nyumba, kisha inamrudisha mgonjwa kijijini kusubiri. Kaya iliyokuwa ikilipa shilingi 30,000 ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, kwa watu 6 isingeweza kubeba hilo, na mfuko wenyewe usingeweza. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na nashukuru. Lakini kitita cha bima kinachoanza kumsaidia mtu baada ya figo kufa kitafilisika. Vidonge vya presha, metformini, insulini na stripu viwe ndani ya kitita cha msingi kabisa, vipatikane zahanati, visiwe na malipo ya kuchangia.

Kuhusu kinga sitasema mengi, kwa kuwa wananchi wamehubiriwa vya kutosha wafanye mazoezi na wale mboga. Anayelima kwa jembe hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Yapo mambo yasiyo mikononi mwake ambayo yako mikononi mwenu. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia 2007, baada ya sheria hiyo. Naomba Bunge liioanishe na mkataba, na kodi ya sigara ipande mpaka mtoto wa shule ashindwe kununua moja moja kwenye genge. Vinywaji vyenye sukari vitozwe kwa kiasi cha sukari iliyomo, kama Afrika Kusini walivyoanza kufanya 2018, na fedha hiyo iandikwe kwa jina kwamba ni ya dawa za zahanati. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatolewa nchi nzima tangu 2018, na hilo ni jambo kubwa mlilolifanya. Wasisahaulike mama zao: kupima kwa siki ni kipimo cha dakika chache ambacho muuguzi wa kituo cha afya anaweza, na bado wengi wanafika hospitali ya saratani ya Ocean Road saratani ikiwa imeshakomaa.

Naomba basi haya yaingie kwenye bajeti ijayo, na nitayasema kwa lugha ya kituoni ili yasipotee kwenye kamati. Dawa za msingi za presha na kisukari zitoke Bohari ya Dawa kwenda zahanati kwa fedha ya serikali kuu, kama zinavyotoka za miradi misonge, zisishindane na glovu. Gharama ya wazee wenye msamaha irudishwe kwenye akaunti ya kituo kila robo mwaka. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi 3 kwa mkupuo. Anayetoka Mgeta kwenda Morogoro mjini kila mwezi kwa vidonge 30 anatumia nauli kuliko bei ya vidonge. Kila zahanati iwe na mashine ya presha inayofanya kazi yenye kafu, ule mkanda wa kufunga mkononi, ya mkono mnene na ya mkono mwembamba, maana kafu isiyoenea inadanganya, na mashine ya sukari ya aina moja kwa wilaya nzima ili stripu ziazimike kati ya kituo na kituo. Mgonjwa apewe kadi na namba, aingizwe kwenye rejista, na asipofika mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe jina lake. Wahudumu hao tunao, wanapita nyumba hizo hizo kila wiki.

TAMISEMI ndiyo wenye zahanati, Wizara ya Afya ndiyo wenye mwongozo, Hazina ndiyo wenye fungu. Mara nyingi nilipouliza, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Kwa hiyo nimewaandikia wote watatu kwa barua moja, na nakala kwa Wabunge, ili jibu lije moja.

Ninachoomba kianze kabla ya mwaka huu wa fedha kuisha ni kidogo: kila halmashauri itangaze hadharani, ubaoni pale nje ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ni zahanati ngapi kati ya ilizonazo zilikuwa na dawa ya presha, metformini na stripu siku zote za robo mwaka iliyopita. Halihitaji mtaalamu mshauri wala semina. Leja za stoo zinalo jibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Morogoro